Swali la Mjukuu wa Mtumwa

Siku Leonard Mambo Mbotela alipofariki, Ijumaa tarehe 7 Februari 2025, baba yangu alinitumia ujumbe. Mfupi tu: "Mambo ametuacha. Nimekumbuka gunzi lako."

Tulikuwa hatujaongea kwa miezi minne.

Wacha nieleze hiyo ya gunzi. Nyumbani kwetu Mumias redio ilikuwa ya baba, na haikuguswa. Kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kikianza, sote kimya, hata kuku walikuwa wanajua. Mbotela anasimulia kisa cha mtu fulani aliyefanya jambo fulani la aibu mbele ya watu, halafu anauliza lile swali kwa ile sauti yake ya kuvuta. Kipindi kikiisha, mimi nachukua gunzi la mahindi, nasimama mlangoni, nasema kwa mdomo wa gunzi: ndugu yangu anakula nyama yote kwenye sufuria, je, huu ni ungwana? Baba alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. Nilikuwa na miaka sita au saba. Ukiniuliza lini nilianza hii kazi ya kuongea mbele ya simu, jibu la kweli ni hapo.

Sasa hiyo miezi minne. Oktoba 2024 niliacha chuo, mwaka wa pili, uhandisi wa ujenzi. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa nafeli, ndiyo, lakini si hiyo. Niliamka asubuhi moja nikaangalia daftari na kalkuleta juu ya meza, nikajua siwezi kusema hata kwa sentensi moja kwa nini niko pale. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili kulipa karo. Nilipompigia kumwambia, hakupiga kelele. Alisema maneno mawili: "Nilikutuma chuo." Akakata simu.

Nikapanda basi nikaja Mombasa kwa anti yangu, Kisauni. Nilijiambia nakuja kujitafuta. Nadhani kila mtu wa rika langu ameshasema hilo neno. Kujitafuta. Unalala hadi saa tano, unaangalia video za watu wakikwambia ujue lengo lako, unaandika malengo kwenye simu, unayafuta.

Basi Mbotela alipokufa, nikaona wacha nitengeneze video ya dakika moja ya kumuaga. Ilibidi nijue alizaliwa wapi. Nikasoma: alizaliwa mwaka 1940, Frere Town, Mombasa. Nikauliza anti, hiyo Frere Town iko wapi? Akaniangalia vile watu wa Pwani huangalia mtu wa bara. "Si hapo unaposhukia matatu."

Kengeleni

Ukitoka kisiwani ukavuka daraja la Nyali, kuna steji makanga wanaita Kengeleni. Nimeshuka hapo mara mia. Kuna mnara mdogo wenye kengele kando ya barabara, matatu zinapiga honi, mama wanauza maembe. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mahali paitwe hivyo. Ni kama vile huulizi kwa nini mjomba wako anaitwa jina lake.

Kengele ile ni ya watu waliotoka utumwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Aliyetumwa kuanza mazungumzo hayo ni Mwingereza mmoja, Sir Bartle Frere. Lakini mkataba hauzuii jahazi kutembea usiku. Manowari za Uingereza zikawa zinayawinda majahazi, na zikiyakamata zinabaki na swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu vizuri: hawa watu tuliowaokoa tuwapeleke wapi?

Kuwarudisha kwao ilikuwa ngumu. Mtoto alitekwa akiwa na miaka minane karibu na Ziwa Nyasa, akatembezwa miezi hadi pwani, akauzwa mara mbili au tatu. Hajui jina la wilaya, kwa sababu hakuna wilaya. Anajua mto wa kwao, anajua jina la mama. Na njia ya kurudi ndiyo hiyo hiyo waliyopitia watekaji.

Kanisa la Anglikana kupitia chama chake cha wamisionari, CMS, likanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, Kisauni. Mwaka 1875 kijiji kikaanza, kikapewa jina la yule Frere. Septemba mwaka huo huo, ndani ya wiki chache tu, manowari zilishusha hapo zaidi ya watu 200. Wayao, Wamakua, Wanyasa, na wengine wengi. Hawakuelewana lugha. Kiswahili walichokuwa nacho wengi wao ni kile walichookota njiani na kwenye jahazi: amri, matusi, maji, chakula.

Kengele ikatundikwa ili kuwaita watu kwenye sala, na pia kuwaonya. Wenye watumwa wa Mombasa hawakupenda kijiji hiki hata kidogo, na zaidi ya mara moja palikuwa na hofu ya kuvamiwa. Ikilia wakati usio wake, kila mtu anajua afanye nini.

Hebu fikiria uko hapo. Jana ulikuwa mali ya mtu. Leo umeambiwa uko huru. Una kitambaa kiunoni, na pembeni yako kuna mtu wa kabila usilolijua analia kwa lugha usiyoielewa. Hapo "jitafute" inamaanisha nini? Ujitafute wapi?

Jina la kwanza, jina la pili

Kabla ya Frere Town kulikuwa na kundi jingine. Waingereza walipokamata majahazi miaka ya nyuma, watoto wengine walipelekwa mbali kabisa, Bombay, na kutoka hapo wakasomeshwa kwenye makao ya watoto Waafrika karibu na mji wa Nasik, India. Huko walijifunza kusoma, useremala, uhunzi. Baadaye baadhi yao walirudishwa huku kusaidia misheni. Watu wakawaita Wabombay.

Mmoja wao alizaliwa Myao akaitwa Chengwimbe. Alipotoka India aliitwa Matthew Wellington. Alikuwa katika lile kundi la vijana wa Nasik waliopelekwa kumfuata David Livingstone bara, na Livingstone alipokufa Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Matthew alikuwa kati ya wale walioubeba mwili wake kwa miguu miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Maisha yake yaliyobaki yakawa ya Mombasa, na huko ndiko alikofia mwaka 1935. Chengwimbe na Matthew, mtu mmoja. Sidhani aliamka kila siku akijiuliza yupi kati ya hao wawili ndiye yeye wa kweli. Alikuwa na kazi, alikuwa na majirani, na walikuwepo watu waliojua alichokifanya.

Mwingine ndiye aliyenishika zaidi. Aliitwa William Henry Jones. Naye Myao, naye alitekwa mtoto, naye alilelewa India. Mwaka 1864 alirudi Afrika pamoja na wenzake, akafanya kazi Rabai, kile kituo cha misheni kilichoanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846. Mwaka 1885 askofu mpya, James Hannington, alimweka wakfu kuwa shemasi. Miezi michache baadaye askofu akaamua kwenda Uganda kwa njia ya mkato, kupitia Umasaini, akamchukua Jones.

Sasa sikiliza hapa. Walifika mahali palipoitwa Kwa Sundu. Kwa Sundu ni kwa Nabongo Shiundu, aliyekuwa mtawala kabla ya Mumia. Yaani Mumias. Nyumbani. Hannington akamwacha Jones hapo na sehemu kubwa ya msafara, akaendelea na watu 50. Mwisho wa Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda, pamoja na karibu wote alioenda nao.

Jones hakujua. Alikaa Mumias akingoja. Habari zikaja Novemba kupitia watu wachache walioponea. Aliendelea kukaa wiki kadhaa, kwa sababu huwezi kuondoka kama kuna hata mmoja anayeweza kutokea porini akijikokota. Halafu akawakusanya wale waliobaki akawaongoza kurudi pwani. Februari 1886 wakaingia Rabai. Mbele ya msafara walibeba bendera ya buluu yenye neno moja kutoka Biblia, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Wake zao walikuwa wanangoja. Wengi walingoja bure.

Nimezaliwa Mumias. Nimesoma shule ya msingi pale, shule ya upili pale. Hakuna siku niliambiwa kwamba mtoto aliyeuzwa, akavuka bahari mara mbili, alikaa kwenye udongo wetu akikataa kuondoka hadi ajue watu wake wako wapi. Nilisoma historia ya Hannington, naam. Jones hata jina sikulijua.

Haikuwa mbinguni

Sitaki kuwauzia hadithi tamu. Frere Town ilikuwa na ubaya wake.

Wamisionari walitawala mambo mengi: ulale saa ngapi, uvae nini, uoe nani, ulime wapi. Kuna msimamizi mmoja mzungu aliyewachapa watu viboko na kuwafunga hadi ikawa kashfa, na mwaka 1881 serikali ya Uingereza ikafanya uchunguzi. Yaani mtu katoka kwa bwana mmoja kaenda kwa mwingine anayesali kabla ya kuchapa. Wabombay, pamoja na elimu yao na Kiingereza chao, walilipwa kidogo na kudharauliwa, na wazungu wengine walisema wamejiona sana kwa sababu walidai kuvaa viatu na kuheshimiwa. Jones mwenyewe aligombana nao kuhusu namna Waafrika wenzake walivyotendewa.

Na wao kwa wao pia kulikuwa na matabaka. Mbombay alijiona juu ya wale waliokuja baadaye moja kwa moja kutoka majahazini, ambao waliitwa mateka. Fikiria wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa, halafu unamdharau mwenzako kwa sababu utumwa wake ni wa juzi. Lakini si tunafanya hivyo hata leo? Aliyetoka mtaani mwaka jana ndiye wa kwanza kumcheka aliyebaki mtaani.

Hata hivyo kuna jambo moja nililirudia kusoma mara tatu. Misheni ilikuwa na amri ya kutopokea watumwa watoro, kwa sababu wenye mali wa Mombasa wangeleta vita. Lakini watoro walikuwa wanakuja Rabai usiku, na Jones, aliyekuwa msimamizi pale, hakuwafukuza. Wakajenga vibanda, wakalima. Mwishoni mwa 1888 mabwana wao walipokuja juu, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa inaanza kuitawala pwani ilihesabu watoro kwenye vituo vya misheni ikapata zaidi ya 1,400. Ili kuzuia vita ikawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wale wakapewa vyeti vya uhuru pale Rabai.

Zaidi ya 1,400. Na sehemu kubwa ya sababu ni mtu aliyevunja amri ya waajiri wake kwa sababu alijua, kutoka mwilini mwake, kufukuzwa mlangoni ni nini.

Sijaona popote Jones akiandika kwamba amepata lengo la maisha. Alifungua mlango kwa mtu wa kwanza. Wa pili akaja. Akafungua tena.

Kutumwa

Ile sentensi ya baba, "Nilikutuma chuo," ilikuwa imenikwama kooni. Nikiwa nasoma haya mambo nikagundua kwa nini. Neno mtumwa linatoka pale pale. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Miguu ni yake, lakini safari ni ya mwingine.

Mara ya kwanza nilivyofikiria hivi nilifurahi sana, kusema kweli. Nikaona nimepata silaha. Baba alinituma, mimi nimejikomboa, hadithi imeisha, tengeneza video. Niliandika hata maneno ya kusema.

Halafu nikakumbuka ng'ombe wawili na nikaona aibu. Mtu akiuza ng'ombe ili wewe usome, si bwana wa watumwa huyo. Hata aliponituma mahali pasipo pangu, alinituma akinipenda. Watu wa Frere Town wangetoa chochote kupata mzee wa kuwagombeza.

Na kuna kitu kingine. Katika jamii nyingi za huku kwetu, mtumwa alikuwa mtu asiye na watu. Hana mjomba wa kumsemea, hana ukoo wa kumlipia, akifa hakuna anayejua azikwe vipi. Kukatwa minyororo ilikuwa hatua ya kwanza tu. Uhuru ulikamilika siku ulipopata watu wa kukuita wao. Ndiyo maana naona ile picha yetu ya kujitafuta, mtu peke yake chumbani na simu yake, ingewashangaza sana watu wa 1875. Upweke wangeutambua mara moja. Ndio waliokuwa wanaukimbia.

Walitengenezaje watu wa kwao? Kwa mambo madogo. Watumwa wa bwana mmoja waliitana mjoli, na mazoea kama hayo hayafi siku moja. Mliotoka jahazi moja mnajuana. Mtu anamlea mtoto wa mwenzake aliyekufa. Myao anamwoa Mmakua, mtoto wao anazungumza Kiswahili kama lugha ya mama, na kizazi kimoja baadaye hao ndio waalimu, makarani na makatekista wa sehemu nyingi za nchi hii. Kiswahili walichookota kwa amri na matusi wakakigeuza kuwa lugha ya kubembelezea watoto.

Nani muungwana?

Kati ya walioshushwa Frere Town alikuwemo mzee mmoja aliyeitwa Mbotela, aliyetekwa pande za Ziwa Nyasa. Mwanawe James Juma Mbotela akawa mwalimu, na mwaka 1934 kitabu chake Uhuru wa Watumwa kikachapishwa, kikisimulia namna babake na wenzake walivyotekwa na kukombolewa. Wataalamu wanakikosoa kitabu hicho kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi na lawama karibu zote kinawatupia Waarabu, na nadhani wana haki. Lakini angalia kilichotokea: baba aliuzwa kama kitu, mtoto akashika kalamu akasema, huyu alikuwa mtu, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mtoto wa James ni Leonard. Mambo Mbotela wa redio.

Na hapa ndipo nilipoinuka kitandani. Ungwana leo tunauelewa kama adabu, tabia njema. Lakini katika pwani ya wakati wa babu yake, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru. Kinyume cha muungwana kilikuwa mtumwa. Mtumwa angeweza kuwa na adabu kuliko kadhi na bado asiitwe muungwana, kwa sababu ungwana ulikuwa wa damu.

Watumwa na waliokombolewa hawakukubali. Wapagazi wa misafara ya bara, wengi wao wakiwa watumwa au watoto wa watumwa, walijiita waungwana huko walikokwenda, hadi Kiswahili walichokipeleka mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana. Walilichukua neno wakalivaa. Polepole maana yake ikasogea kutoka damu hadi matendo.

Halafu mwaka 1966, nchi ina miaka mitatu ya uhuru, kijana kutoka Frere Town anaingia kwenye redio ya taifa na kuanzisha kipindi. Mjukuu wa mtu ambaye, kwa sheria za wakati wake, hangeweza kuitwa muungwana hata angefanya nini. Anaiuliza nchi nzima, wenye mashamba na wasio nacho, mawaziri na mahamali: je, huu ni ungwana? Na nchi inakaa kimya ijifikirie. Kwa zaidi ya miaka 50.

Hata tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipomtoa nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa, sauti waliyoitaka ni ile. Walijua watu wangemwamini.

Sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kulifikiria hilo neno kwa namna hii. Kipindi kilikuwa cha kuchekesha na kufundisha tu, na pengine nami naongeza chumvi. Lakini mimi siwezi tena kulisikia lile swali kama zamani. Baba yangu na kuku wetu na mimi tulikuwa tunafundishwa utu na ukoo wa watu waliouziwa utu wao.

Tuko watatu

Nina wenzangu wawili hapa Kisauni tunaofanya nao kazi. Mmoja anapiga kamera, anatoka Kitui. Mmoja anahariri, Mdigo wa Kwale. Mimi naandika na kuongea. Hatujuani tangu utotoni, hatuna lugha moja ya nyumbani, tulikutana kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshindwa mahali fulani. Desemba mama wa yule wa Kitui alifariki, na hatukuwa na pesa. Tukauza ile taa yetu ya kurekodia, taa pekee tuliyokuwa nayo, apate nauli na kitu cha kupeleka matangani. Tulirekodi kwa jua la dirishani hadi Machi.

Wakati ule niliona ni hasara na nikanung'unika chinichini. Leo ukiniuliza ni siku gani nilijua niko mahali pangu, nitakutajia hiyo. Video yoyote iliyopata watazamaji wengi haifikii hapo.

Sisemi acha chuo. Tafadhali usiniweke kwenye hilo kundi. Kama unajua kwa nini uko pale, kaa, maliza, utusaidie na sisi. Sisemi pia kwamba mambo yangu yamenyooka, kodi ya mwezi huu ilichelewa. Ninachosema ni kwamba kwa miezi minne nilijitafuta peke yangu na sikupata kitu, na nilipoacha kujitafuta nikaanza kuuliza habari za watu wengine, wafu na walio hai, nikakutana na mimi njiani.

Ile video ya dakika moja haikutoka. Badala yake nilimrekodia baba sauti ya dakika kumi na moja. Nikamwambia habari za Jones, kwamba alikaa Mumias akingoja watu wake mwaka 1885. Nikamwambia babu ya Mbotela alikuwa nani. Sikuomba msamaha kwa maneno, sikujua nianzie wapi. Mwisho nikasema, baba, kuhusu ng'ombe, sijasahau.

Alipiga simu jioni. Alikuwa ameisikiliza mara mbili, mara ya pili na jirani.

"Huyo Jones alilala sehemu gani hapa Mumias?"

"Karibu na boma la Nabongo, nadhani."

"Hm." Akanyamaza. "Na hiyo kazi yako ya simu, wanakulipa?"

"Kidogo."

"Unakula?"

"Nakula, baba."

"Haya." Nikasikia redio nyuma yake. "Ukija nyumbani uje na hao wenzako wawili. Nataka kuwaona."

Tunaenda Agosti. Na wewe, leo ukipita Kengeleni, shuka kidogo. Matatu nyingine inakuja.